Swali la Tisa

(Maneno niliyoyasema mbele ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa sayansi za jamii, siku ya kuwapokea chuoni. Nimeyaandika kutoka kwenye kumbukumbu yangu na kutoka kwa waliorekodi kwa simu.)

Rasi wa Ndaki, walimu wangu, wazazi mliowasindikiza watoto wenu, shikamooni. Wadogo zangu wa mwaka wa kwanza, hamjambo? Karibuni sana.

Barua ya mwaliko ilinitaka nizungumzie ajira kwa wahitimu wa sayansi za jamii. Nitaigusa ajira, kwa sababu najua mmekuja na hofu hiyo, na wazazi waliokaa kule nyuma wamekuja nayo zaidi yenu. Ila nimebeba karatasi nyingine leo. Hii hapa. Ni dodoso, kurasa nne, wino umeanza kufifia. Lina maswali 22, na mimi nataka kuzungumza nanyi juu ya swali la tisa. Tutalifikia. Kabla ya hapo lazima niwapitishe njia niliyopita mimi, maana bila njia hiyo swali lenyewe halina uzito.

Mwaka 2012 nilipochaguliwa kusoma sosholojia, nyumbani kwetu Muheza walifurahi. Mjomba wangu ndiye aliyeuza machungwa yake yakiwa bado juu ya mti ili nipate nauli, godoro na sanduku. Jioni moja kabla sijaondoka akaniita, akaniambia: "Mtoto wa jirani amekwenda kusomea uganga, atarudi kutibu watu. Wa pili anasomea ualimu. Wewe ukirudi, mtu akiwa na shida gani ndiyo atakuja kwako?" Hakuniuliza kwa dharau. Aliniuliza kama mtu aliyetoa machungwa yake. Mimi sikuwa na jibu, nikainamisha kichwa. Safari nzima ya basi kutoka Muheza hadi Dar es Salaam nilikuwa natafuta jibu lile, na ninaamini wengi wenu hapa mmesafiri na swali la namna hiyo hiyo.

Sasa tuje darasani. Nilitoka tahasusi ya HKL, yaani historia, Kiswahili na Kiingereza, nikajiona mjuzi wa lugha. Wiki ya kwanza nilikuta ukumbi umejaa, waliochelewa wamesimama madirishani, na mhadhiri yuko mbali, sauti yake inakuja na kupotea kwa kipaza sauti. Alizungumza Kiingereza saa mbili mfululizo. Alipouliza kama kuna swali, ukumbi ulinyamaza kimya. Ule ukimya naukumbuka hadi leo. Baadaye nje, kwenye vimbweta, vile viti na meza za zege za kusomea, watu wale wale walionyamaza walibishana kwa Kiswahili mpaka jua likazama, wakitoa mifano ya Kariakoo, ya Geita, ya kwao Kondoa. Hoja zilikuwa kali kuliko nyingi nilizozisikia ndani. Kesho yake tukarudi ukumbini, tukanyamaza tena.

Mtoto wa Tanzania anasoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili, anapofika sekondari lugha inageuzwa, na akifika chuo kikuu anatakiwa afikiri juu ya jamii yake kwa lugha ambayo jamii hiyo haigombani kwayo, haiposi kwayo wala haizikani kwayo. Anayesoma fizikia ana taabu ya lugha pia, sikatai. Lakini elektroni haina lugha ya nyumbani. Mkulima anayo, na tunayemsoma sisi ni mkulima.

Nawapa mfano mmoja ulionikaa rohoni. Tulifundishwa Azimio la Arusha. Azimio lilitangazwa Februari 1967, na mkulima alilisikia redioni kwa Kiswahili, akaelewa. Sisi watoto na wajukuu wa mkulima huyo tulipewa tafsiri ya Kiingereza, tukajadili tafsiri, tukajibu mtihani juu ya tafsiri. Neno "unyonyaji", ambalo bibi yangu alilitumia kwa kupe wa ng'ombe na kwa mwenye duka anayeongeza deni kwenye daftari, mimi nilikuwa nalikariri kwa Kiingereza kama istilahi ngumu iliyotoka ng'ambo! Nilipolitambua lile neno, kwamba hiki ninachokariri ndicho bibi anachokisema kila siku, nilifunga daftari kwa hasira. Ilikuwa wiki ya kumi na moja ya muhula. Wiki kumi zilikuwa zimepotea.

Na kwa kuwa hatukuelewa, tulifanya wanachofanya wasioelewa. Tulikariri. Mtajifunza upesi neno "desa": karatasi za mwaka juzi, zilizonakiliwa kutoka za mwaka wa nyuma yake, zinauzwa kwenye vibanda vya fotokopi. Nilimeza madesa, nikaandika mtihanini kama yalivyo, nikafaulu. Rafiki yangu aliyekuwa hodari kuliko mimi kwa mbali alikataa madesa, akaandika kwa maneno yake mwenyewe kwa Kiingereza kilichovunjika, akapata sapu mbili, yaani mitihani ya kurudia, mwaka wa kwanza, na mwaka wa pili akadisko, akaondolewa chuoni kwa kufeli. Yule dada ndiye aliyekuwa akituelezea nadharia usiku, kwa Kiswahili, tukaelewa. Sisi tuliosaidiwa naye tumevaa joho, yeye amerudi nyumbani. Walimu wangu, nalisema hili mbele yenu kwa heshima. Sisemi tuache Kiingereza, vitabu vingi viko huko na lazima wavisome. Nasema katika semina ndogo, pale mwanafunzi anapotakiwa afikiri kwa sauti, mwacheni afikiri kwa lugha anayofikiria.

Bwenini nilijifunza zaidi kuliko ukumbini. Mlangoni yaliandikwa majina mawili, ndani tukalala wanne. Wenye kukaa vyuoni wanajua tunaita kubebana: aliyepata chumba anambeba aliyekosa, mnalala mzungu wa nne kwenye kitanda kimoja. Mimi nilikuwa wa kubebwa. Mmoja wetu alitoka Wete, Pemba, mwingine Muleba, mwingine Songea. Yule wa Pemba alinisimulia jinsi karafuu kule zinavyouzwa kwa shirika la serikali peke yake, bei inatangazwa, mkulima anapeleka. Mimi nikamsimulia machungwa ya Muheza, ambapo mchuuzi anakuja shambani, anautazama mti, anataja bei ya mti mzima, na mwenye mti ana shida ya ada ya shule. Tulikesha tukiulizana nani hasa anapanga bei, na mwenye shamba ana nguvu gani. Hiyo ni uchumi-siasa, wadogo zangu. Hatukujua kwamba tunaisoma.

Yule wa Muleba alikuwa na habari nzito zaidi. Baba yake alikuwa amefariki, na kibanja, lile shamba la migomba linalozunguka nyumba, lilikuwa mikononi mwa ukoo. Yeye na mama yake walikuwa wanalima lakini hawakuwa na kauli. Siku moja kwenye somo la jinsia na sheria tukasoma kesi ya Bernardo Ephraim na Holaria Pastory: mwanamke wa Kihaya aliyerithi ardhi ya ukoo kwa wosia wa baba yake, akaiuza, ndugu wa ukoo akamshitaki kwamba mwanamke hana mamlaka ya kuuza. Mwaka 1990 Mahakama Kuu ya Mwanza, chini ya Jaji Mwalusanya, iliamua kwamba kumzuia kwa sababu ni mwanamke ni ubaguzi, na Katiba hairuhusu. Mwenzangu aliisoma hukumu ile usiku huo mara tatu. Kisha akasema, "Mwaka 1990. Mimi sijazaliwa. Sasa mbona kwetu bado?" Swali hilo, mbona sheria imesema na kwetu bado, ndilo aliloandikia utafiti wake wa mwaka wa mwisho. Hakulitoa kwenye desa.

Kuna siku nilimwelewa Durkheim, mwanasosholojia wa Kifaransa, nayo nataka kuieleza. Tulikuwa tumesoma kwamba jamii hushikamana kwa matendo yanayofanywa pamoja, na kwamba tambiko linawarudishia watu hisia kwamba wao ni kitu kimoja. Niliyaandika hayo, nikapata alama nzuri, yakapita. Likizo ile babu yangu akafariki. Nilikaa mkekani na wanawake, nikaona mambo niliyoyaona tangu utoto na sikuwahi kuyaona. Daftari la rambirambi linapita, kila jina na kiasi chake, elfu mbili, elfu tano, debe la mahindi, na shangazi yangu analisoma kwa makini kuliko anavyosoma kitu kingine chochote, kwa sababu siku ya msiba wa yule naye atarudisha kile kile au zaidi. Watani wakaja. Mmoja akaingia kaburini kabla ya maiti, akalala, akasema hatoki mpaka alipwe. Watu wakacheka, katikati ya kilio wakacheka, wakatoa pesa, akatoka. Mama yangu aliyekuwa hajala siku mbili naye alicheka. Hapo nikaelewa kazi ya mtani, na nikamwelewa yule Mfaransa niliyemkariri. Nilirudi chuoni nikiwa mwanafunzi mwingine. Nilianza kuuliza kila nadharia: kwetu unaitwaje? Nikipata jina lake la kwetu, naielewa. Nikilikosa, nauliza kwa nini nimelikosa. Huenda kwetu hakipo. Huenda kipo na nadharia haijakiona.

Takwimu nazipita haraka. Mtaziogopa, hasa mliotoka masomo ya sanaa, na mtataka kuzikwepa. Msizikwepe. Mtu akisimama mbele ya kijiji akasema wastani wa mapato umepanda, ninyi ndio mnatakiwa mjue kuuliza kama umepanda kwa wote au kwa wenye matrekta wawili.

Kuna jambo la kihistoria ambalo nilichelewa kulijua, na ningelijua mwaka wa kwanza ningejiheshimu mapema. Mwaka 1968, Dar es Salaam pale Mlimani, chuo kilipokuwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, idara ya historia iliwatuma wanafunzi vijijini kusikiliza wazee waliokumbuka Vita vya Maji Maji. Waliohusika kuongoza kazi ya namna hiyo ni pamoja na Gilbert Gwassa na John Iliffe. Hebu pigeni hesabu. Vita vilianza Julai 1905, pale Nandete katika milima ya Umatumbi, watu walipong'oa pamba waliyolazimishwa kulima. Mwaka 1968 mtoto aliyekuwa na miaka 12 wakati ule alikuwa mzee wa miaka 75. Miaka michache mbele, wangekuwa wameondoka wote. Kabla ya hapo, habari nyingi zilizoandikwa juu ya vita vile zilitoka kwenye majalada ya Wajerumani, yaani kwa aliyepiga. Wanafunzi, watu wa umri wenu, wasio na shahada, walikaa na wazee wakasikia habari kutoka kwa aliyepigwa. Leo mtu yeyote duniani anayetaka kuandika juu ya Maji Maji kwa uaminifu lazima apite kwenye karatasi zao.

Kwa hiyo mtu akikwambia utafiti wa shahada ya kwanza ni zoezi tu la kupata alama, usimkubalie.

Ndiyo maana nilichagua Kilwa. Julai 2014 nilikwenda kwenye kijiji kimoja cha wilaya hiyo, chini ya milima ile ile, kutafiti nani anaamua matumizi ya fedha ya ufuta ndani ya kaya. Mtapita njia niliyopita: barua ya chuo, unaipeleka kwa Katibu Tawala wa Mkoa, anakupa barua ya kwenda wilayani, wilaya inakupa ya mtendaji wa kata, mtendaji anakupa ya kijiji, mwenyekiti anakuita kijana mmoja akutembeze. Kila meza ina muhuri wake na kila muhuri una siku yake. Nilitumia siku tisa kwenye mihuri na kumi na mbili kwenye watu. Pangeni fedha zenu kwa hesabu hiyo, msitegemee bumu, ile fedha ya mkopo wa wanafunzi, litafika siku mnayolihitaji.

Dodoso langu nilikuwa nimelitoa kwenye kitabu cha Kiingereza, nikalitafsiri usiku mmoja bwenini. Nilijisifu kwa tafsiri ile. Swali la tisa lilisema: "Je, una kazi?" na chini yake visanduku vitatu: ameajiriwa, amejiajiri, hana kazi.

Nilimkuta bibi mmoja ukumbini mwa nyumba yake akisuka mkeka. Jina lake sitalitaja, hakunipa ruhusa ya kulitaja mbele ya watu. Nikamsalimia shikamoo, akaitikia marahaba mjukuu wangu, akanisogezea kigoda, akaendelea kusuka. Nikamuuliza umri, akanijibu alikuwa na mtoto mgongoni wakati wa Operesheni Vijiji, miaka ya 1970, walipohamishwa. Nilikadiria kutoka hapo. Nikamuuliza mkuu wa kaya nani, akasema mume wake. Nikauliza yuko wapi, akasema yuko Dar, ana miaka sita hajaonekana, anatuma salamu. Niliandika: mume. Kisha nikafika swali la tisa. "Bibi, una kazi?"

Akasema, "Sina kazi mjukuu wangu, niko nyumbani tu."

Nikaweka alama kwenye kisanduku cha tatu. Hana kazi. Wakati naweka alama ile, vidole vyake vilikuwa vinapitisha ukili. Mezani kulikuwa na ungo wa ufuta unaosubiri kupepetwa. Watoto wawili, vitukuu vyake, walikuwa wamelala nyuma yake baada ya kulishwa. Sikuviona. Naapa kwamba nilikuwa nimevitazama na sikuviona, kwa sababu kisanduku kilikuwa kimeshanipa jibu.

Nilihoji wanawake 41. Wanawake 27 walijibu kama yeye. Niliporudi nikaandika tasnifu yangu, na hitimisho lake kuu lilisema kwamba wanawake wengi wa kijiji kile hawana kazi, na kwa hiyo hawana sauti katika fedha ya ufuta. Nilitengeneza jedwali zuri. Nilipata B+. Hakuna aliyeniuliza: mke asiye na kazi, ufuta ule umepaliliwa na nani?

Siku ile ya mwisho kijijini, mzee mmoja alinisindikiza hadi barabarani nikasubiri basi. Akasema kwa upole kabisa, "Kila mwaka mnakuja vijana na karatasi. Mnatuuliza, tunawajibu. Hatujawahi kuziona zinarudi." Sikumjibu. Mwalimu Nyerere aliwahi kumfananisha msomi na mtu wa kijiji chenye njaa aliyepewa chakula chote kilichobaki ili apate nguvu za kwenda mbali kuleta msaada, na akasema mtu huyo akila asirudi ni msaliti. Mfano ule tulikuwa tumeujadili darasani. Niliujadili vizuri sana. Nikapanda basi.

Nilimaliza mwaka 2015, na kazi ya kudumu niliipata 2017. Miaka miwili, wazazi wangu, nasema wazi ili mtoto asije akaonekana mvivu. Katika miaka ile niliishi kwa kukusanya data za watafiti wengine, kwa malipo ya siku, kutoka Kibaha hadi Tandahimba. Baadaye nikaajiriwa kuwa Afisa Maendeleo ya Jamii katika halmashauri, ngazi ya kata. Na huko ndiko jibu la mjomba liliponifikia.

Mnajua kwamba sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kukopesha vikundi bila riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi kimoja cha akina mama kilikuwa kinarejesha vizuri, ghafla kikasimama miezi mitatu. Kwenye orodha kikaanza kuitwa wadaiwa sugu. Nilikwenda. Nikakuta mweka hazina, ambaye bila sahihi yake benki haitoi hata shilingi, amefiwa na mume na yuko eda. Miezi minne na siku kumi hatoki. Wenzake waliona haya kumwambia mtu wa ofisini habari za ndani ya nyumba ya msiba, na mtu wa ofisini hakuwahi kuuliza. Tulikwenda wote tukafanyia kikao nyumbani kwake, akajiuzulu uhazini kwa ridhaa yake, akachaguliwa mwingine, makaratasi yakabadilishwa, marejesho yakaendelea. Fedha ilikuwepo muda wote, imelala benki.

Nilimpigia mjomba simu jioni ile, nikamwambia shida gani mtu akiwa nayo ndiyo anakuja kwangu. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Kumbe huwa haji. Unamfuata."

Simu ile ndiyo iliyonirudisha Kilwa. Nilichukua likizo mwaka 2021, nikatoa tasnifu yangu kabatini, nikaifanya kurasa sita za Kiswahili. Ilinichukua mwezi mzima, na tangu hapo naamini utafiti usioweza kuandikwa kwa lugha ya aliyehojiwa haujaeleweka hata na aliyeuandika. Rasi wa Ndaki, nina ombi moja tu leo. Kila tasnifu inayotoka hapa iwe na kurasa chache za Kiswahili, na nakala moja ikabidhiwe ofisi ya kijiji au mtaa ilikofanyika, kabla alama hazijatoka.

Kijiji kilikuwa kimebadilika. Mara ya kwanza wachuuzi walikuja na mizani zao mlangoni, sasa ufuta ulikuwa unakusanywa na chama cha msingi cha ushirika na kuuzwa kwa mnada, kwa stakabadhi ghalani, fedha inaingia kwenye akaunti. Akaunti ya nani? Ya mwenye jina kwenye daftari la chama. Mume. Mzee yule wa barabarani alikuwa ameshafariki. Bibi alikuwepo, macho yamepungua, vidole bado vinasuka.

Nilimwomba kitukuu chake, kile kilichokuwa kimelala nyuma yake mwaka ule, kimsomee. Kilikuwa darasa la tano, kinasoma kwa kufuata mstari na kidole. Kikasoma habari za mvua, za mashamba, za bei, bibi anaitikia "naam, naam." Kikafika kwenye hitimisho: wanawake wengi hawana kazi, na kwa hiyo hawana sauti.

Bibi akasimamisha mkeka. "Rudia hapo."

Kikarudia.

"Nani kasema sina kazi?"

Nikamwambia taratibu, "Ni wewe bibi. Nilikuuliza, ukaniambia uko nyumbani tu." Nikamwonyesha dodoso hili hapa, swali la tisa, kisanduku cha tatu.

Akasema, "Uliniuliza kazi. Kazi ni ya kwenda na kurudi jioni, ya mshahara. Hukuniuliza nafanya nini." Akanyamaza, kisha akaendelea, bila kupandisha sauti: "Sauti hatuna, hapo umeandika kweli. Lakini si kwa kuwa hatuna kazi. Usiiandike hivyo tena."

Nikamwomba radhi. Akasema radhi haina haja, nilete kalamu. Basi nikageuza dodoso, nikaanza kuandika nyuma yake, yeye anataja na kitukuu kinamkumbusha anaposahau. Alianzia jogoo la kwanza: kuchochea moto, kwenda kisimani kabla foleni haijawa ndefu, kuloweka mihogo, kumwamsha huyu, kumfunga yule ndama wa jirani aliyeachiwa amtunze. Niliandika mpaka ukurasa ukajaa, nikachukua mwingine. Adhana ya adhuhuri ilipolia tulikuwa bado hatujafika saa tatu ya asubuhi.